Kifo Kilichokosea Nyumba

Kikue alimkuta jirani yake Tsuruyo kibarazani, kaegemea nguzo, kisu mkononi na tunda la kaki mapajani, nusu imemenywa, nusu bado. Alimwita mara moja tu. Mtu aliyeishi miaka themanini na minne ameshaona maiti wa kutosha, hahitaji kuita mara mbili. Akavua kandambili, akaketi kando ya mwenzake, akaichukua ile kaki na kile kisu, akamalizia kumenya. Kisha akaifunga kikonyo chake kwenye kamba pamoja na nyingine, akainuka kwa tabu kwa sababu ya nyonga yake, akaingia ndani kupiga simu.

Hilo la kumalizia kumenya hakumwambia mtu. Wangesema amerukwa na akili, na wala hakurukwa. Tunda lililoachwa nusu huoza, basi. Alikuwa anangoja uchungu umfike, uchungu ukachelewa, na mikono yake tangu utotoni haikujua kukaa bure.

Kamidani ni kitongoji cha mlimani ambacho nyumba zake nyingi zimepigiliwa mbao madirishani, na waliobaki wanafahamiana hata kwa kikohozi. Habari zilifika kila nyumba kabla chai haijapoa. Wakaja na ubani wao na bahasha zao za rambirambi, na kila aliyekuja alikuja pia na pongezi. Mzee aliyekufa ghafla, bila kulala kitandani, bila kuvishwa nepi wala kulishwa kwa kijiko, amebahatika, na aliyebahatika husifiwa hata akiwa kafunikwa shuka. Walimsifu Tsuruyo mpaka ungedhani ameshinda bahati nasibu.

"Da Kikue, kifo kama hiki mtu unakionea wivu kabisa," alisema mzee Nagase, mjumbe wa ustawi wa wazee. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sabini na sita na masikio yaliyomtoroka zamani, kwa hiyo aliongea kwa sauti ya kusikika mtoni.

Kikue akajibu ndiyo, kweli. Alijibu hivyo kwa kila mtu. Moyo wake ulikuwa umeingia ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, na yeye akaungojea uzinduke wenyewe.

Na kwa kweli Tsuruyo alikuwa amekiomba kifo cha namna hiyo. Walikiomba wote wawili. Tangu wafiwe na waume zao, kila vuli walipanda basi hadi kwenye hekalu la bonde la pili, kila mmoja na chupi mpya mkobani. Kuhani huzipanga chupi za wazee mbele ya madhabahu, akazisomea, akagonga kengele, akazipiga mhuri mwekundu. Mke wake huandika jina la mwenye nguo kwa brashi, upande wa ndani wa lastiki. Unarudi nazo nyumbani, unavaa, na siku yako ikifika unaondoka mzimamzima, hujamsumbua mtu. Ndivyo inavyosemwa, na nusu ya wazee wa mkoa ule wanavaa kinachosemwa.

Mwaka huo waligawana pakiti moja. Zilikuwa chupi kubwa nyeupe za pamba, zile za bibi zinazopanda hadi kitovuni, mbili kwa bei ya punguzo. Tsuruyo alianza kuivaa yake siku hiyohiyo. Kikue akaitia yake kwenye droo pamoja na vidonge vya kufukuzia nondo, bado iko katika mfuko wake wa karatasi, akisema anaitunza kwa siku zitakazokuwa karibu zaidi.

"Siku zipi hizo, dada?" Tsuruyo alimcheka. "Una themanini na nne. Dawa haiponyeshi ikiwa kabatini."

Kikue hakucheka sana. Kwa Tsuruyo jambo lile lilikuwa nusu matembezi, nusu mzaha, pamoja na tambi za moto walizokula kituoni wakati wa kurudi. Kwake yeye ulikuwa mpango wa maisha. Alimuuguza mama mkwe wake miaka tisa katika chumba cha nyuma cha nyumba hiihii. Mwanamke yule alikuwa mkali, aliyemfundisha kupika mchele kwa kumpiga vidole kwa mwiko, lakini kila alipobadilishwa nepi alijifunika uso kwa taulo akasema samahani. Asubuhi samahani, jioni samahani, miaka tisa. Kikue hakuwahi kujua amjibu nini. Siku walipomzika aliapa kwamba hakuna mtu atakayeisikia samahani hiyo kinywani mwake. Mwanawe Yasuo, aliye Nagoya, alipotaka kumtafutia mhudumu kwa ajili ya nyonga, alimwambia hapana. Mzee Nagase alipokuja kumtajia habari hizohizo, alimtengea chai na achari ya figili, akamwambia hapana.

Kwanza, alikuwa na Tsuruyo. Nyonga ile iliogopesha mahali pamoja tu, bafuni, hasa majira ya baridi, wazee wanapoingia kwenye hodhi la maji ya moto na wengine wasitoke. Kwa hiyo waliogea nyumba moja, kwa zamu. Mmoja akiwa majini, mwingine aliketi nje ya mlango kwenye kiti kidogo akipiga soga, na soga zikikatika, wa nje alikuwa na swali lake.

"Umekufa?"

"Bado."

"Basi fanya haraka, maji yanapoa."

Hawakuona kama ni maneno ya kutisha. Waliyasema mara nyingi kiasi kwamba yalikuwa kama kukohoa.

Sasa mpwa wa Tsuruyo, Rumiko, alifika kutoka Osaka jioni ya siku ile na gauni jeusi lenye lebo ya dukani. Kijana wa watu wa mazishi alikuwa tayari kumwosha maiti, lakini Kikue alisema Tsuruyo hakupenda kuguswa na wanaume hata alipokuwa na mume. Kijana akatoka nje. Rumiko akashika beseni, akageuza uso ukutani, maana si kila mtu anaweza. Ndipo Kikue, akiivuta ile chupi ya hekalu iliyokaa vibaya kiunoni, akaona maandishi kwenye lastiki. Wino ulikuwa umefifia kidogo kwa kufuliwa. Ulisomeka Kikue.

Alisoma tena, akitarajia herufi zitajirekebisha. Mifuko ya karatasi ilifanana, chupi zilifanana, mke wa kuhani alikuwa akiongea na simu huku akifunga, na Tsuruyo mwenye mtoto wa jicho asingeweza kusoma hata bango la barabarani. Hakuna aliyefanya ubaya. Tsuruyo alikuwa amevaa kifo cha Kikue kwa wiki nzima na zaidi, akakifua, akakianika, akakivaa tena, na kifo kilipokuja na jina mkononi kikamkuta amekaa kibarazani anamenya kaki.

Mtu angetegemea hapo machozi. Alichohisi Kikue, kama alihisi kitu, kilikuwa wivu, tena wivu wa mtu aliyekaa foleni tangu alfajiri akaona aliye nyuma yake anahudumiwa kwanza. Halafu hata wivu nao ukazimika. Akamvika mwenzake kanzu nyeupe ya mazishi, akamfunga mkanda, akamwambia Rumiko kwamba sasa anaweza kugeuka.

Siku ya kuchoma maiti, Tsuruyo alitoka tanurini mweupe na mwepesi juu ya sinia la chuma. Wakapewa vijiti virefu, waokote mifupa wawiliwawili na kuitia kwenye chungu, kuanzia miguuni kwenda juu, na Kikue akawekwa na Rumiko. Mhudumu wa pale, kwa adabu ya kazi yake, aliwaonyesha paja na kusema mifupa ni imara sana, marehemu alikuwa na afya njema. Rumiko akalia. Kikue aliokota kipande kilichofuata. Aliwaza kwamba katika moto ule jina lake ndilo lililoungua, na kwamba anaokotwa yeye, ila wamekosea mtu wa kumlilia. Wazo hilo lilikuja likapita kama gari la mtu mwingine.

Alipiga simu hekaluni. Mke wa kuhani aliposikia kisa, aliomba radhi mfululizo mpaka Kikue akaona haya kwa niaba yake, naye akaanza kuomba radhi kwa kuwa amepiga simu. Walipomaliza kuombana radhi, mama yule akapata dawa. Alete nyingine, wataisomea upya, na safari hii hawatapokea chochote.

Kikue akauliza kama maombi hufuata jina au hufuata mwili. Mama yule akamwita mumewe. Kisha akaja kuhani mwenyewe.

"Buddha si mtu wa posta, bibi," alisema kwa upole. "Hapotezi barua."

"Hii imepotea," Kikue akasema, akashukuru, akakata.

Jioni hiyo aliufungua mfuko wa karatasi kwenye droo. Chupi ya Tsuruyo ilikuwa imekunjwa vizuri, mhuri mwekundu mbele, jina nyuma. Aliitazama sana. Huenda kifo alichoombewa Tsuruyo bado kilikuwa humo ndani, kizima, hakijaguswa. Akaivua aliyokuwa nayo, akaivaa hiyo. Tangu siku ile alifanya kama mwenzake: jioni anaifua, usiku inakauka juu ya jiko la mafuta, asubuhi anaivaa, anaketi, anangoja. Alingoja kama mtu anavyomngoja mgeni asiyependwa wala kuchukiwa, ambaye chumba chake kimeshafagiliwa.

Hakuhuzunika. Hilo ndilo lililomshangaza. Alipika supu ya miso, ile soya iliyochachushwa, akainywa, hakujua kama ameitia miso. Aliwasha televisheni, watu wakacheka ndani yake. Yasuo alipiga simu Jumapili kama kawaida kuuliza kama anakula na kama anaoga, naye akajibu anakula na anaoga. Yasuo ni mtoto mzuri, hana kosa, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Kuoga alikuwa hajaoga tangu Tsuruyo afe. Alijifuta kwa taulo la maji moto jikoni. Hodhi lilikuwa limefunikwa, na kiti kidogo kilikuwa palepale nje ya mlango wa bafu. Hakukiondoa kwa sababu kukiondoa kungekuwa ni kufanya jambo.

Mzee Nagase alikuja siku zake za kuja. Alinusa, maana pua yake ilikuwa nzima, akatazama dari, akasema kwa sauti yake ya mtoni kwamba kuna mhudumu wa wazee mjini, mama mmoja mzuri sana, anaweza kupanda huku mara mbili kwa wiki. Kikue akasema hataki kuwa mzigo. Nagase akamwelekezea sikio, akasema nini? Ikabidi apaze sauti, na neno hilo likisemwa kwa kelele halina heshima kabisa.

"Sitaki kuwa mzigo!"

"Nani anataka?" Nagase akamjibu, akanywa chai yake.

Kitu kimoja tu hakukiacha. Siku ya pili baada ya kifo alikuwa amekwenda kwa Tsuruyo, akamalizia kumenya kaki zote zilizokuwa kapuni, akazihamishia kwake, akazitundika chini ya upenu, kamba kwa kamba, mpaka nyumba yake ikaonekana tangu barabarani kama imevishwa shanga za rangi ya chungwa. Kaki zile zina ukakasi, ukizila mbichi zinakaza ulimi, lakini zikianikwa kwa upepo wa baridi zinageuka tamu kuliko sukari. Zinataka kuangaliwa. Unazibonyezabonyeza kwa vidole moja moja ili utamu utoke nje, na zisinyeshewe hata kidogo, zikinyeshewa zinaota ukungu na kazi yote imekwenda bure. Kikue alizianua kila mawingu yalipokuja, akazitoa yalipopita. Aliijua ile moja. Tsuruyo alimenya kwa kuzungusha, yeye humenya toka juu kwenda chini, na juu ya kaki ile mistari ya visu viwili ilikutana katikati. Aliibonyeza kama nyingine tu.

Mvua ilimkuta akiwa amesinzia karibu na jiko. Alisikia matone juu ya bati la kibanda, akatoka mbio, kama ni mbio, akiwa na soksi. Aliwahi kushusha kamba mbili. Alipoiendea ya tatu, akateleza kwenye jiwe la kupandia kibarazani, akaanguka kwa ubavu, na nyonga ikamwambia kwamba leo haendi popote.

Alilala palepale, nusu chini ya upenu, nusu mvuani. Kaki zilizobaki zilininginia juu yake zikidondosha maji. Baada ya muda alihisi joto likitambaa mapajani, akajua ni nini. Chupi iliyosomewa na kupigwa mhuri ili asije akajilowesha mbele za watu ilikuwa imelowa. Hakukuwa na watu, lakini alifumba macho kwa aibu vilevile. Halafu joto likawa baridi. Basi ndicho hiki, aliwaza. Kimefika. Mvua kidogo, baridi kidogo, giza likiingia atakuwa ameondoka, na watakuja kumsifu. Alinyoosha miguu kadiri ilivyokubali na kuviweka viganja vizuri juu ya tumbo.

Ndipo akasikia mtu anaita. Sauti ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, inamwita Tsuruyo. Ikaita tena. Kisha ikamwita Nagase, kisha ikamwita yeyote, jamani, nipo hapa, nipo hapa. Ilimchukua muda kutambua kwamba mwenye sauti ile ni yeye. Aliona haya, akajaribu kuizuia, ikakataa. Alikuwa anataka kaki ziingizwe ndani. Alikuwa anataka chai. Alikuwa anataka kuishi, mwanamke mzima aliyejipangia mambo yake vizuri, na jambo hilo lilimwaibisha kuliko mkojo.

Nagase mwenyewe hakusikia chochote. Alikuwa anapita na kigari chake cheupe akirudi dukani, akatupa jicho kwenye nyumba ya Kikue, akaona kaki zinanyeshewa. Alisimamisha gari katikati ya barabara. Baadaye alieleza kwamba mwanamke yule angeweza kuiacha nyumba iungue, lakini si kaki zinyeshewe.

Alimkuta, akamfunika kwa koti lake, akapiga magoti kwenye tope. Kikue akamwambia aanze na kaki. Nagase hakusikia, au hakutaka kusikia. Alimshika mkono tu, akapiga simu kwa kelele, na macho yake yote aliyaelekeza kwenye uso wa Kikue, hakuyashusha chini hata mara moja mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Kikue aliliona hilo. Halikumtoa ganzi, lakini aliliona.

Mfupa haukuvunjika. Walimrudisha baada ya siku chache akiwa na mkongojo wa miguu minne. Nagase akamweka mbele ya jiko lake, akasimama kama askari.

"Da Kikue, sasa mtu atakuja."

Kikue akatafuta ile hapana yake mahali inapokaa siku zote. Haikuwepo.

"Aje," akasema.

Aliyekuja alikuwa Bi Uehara, mama wa makamo mwenye mikono mifupi yenye nguvu, aliyesema hodi mara moja na kabla ya kuvua viatu alikuwa ameshalalamikia magoti yake, barabara ya mlimani na mume wake anayekoroma. Alifunua hodhi, akalisugua, akalijaza. Mvuke ukajaa bafuni kwa mara ya kwanza tangu vuli. Kikue alisimama akishikilia mkongojo, akavuliwa kama mtoto, na bila kujua amefanya lini alijikuta ameshika taulo na kulibandika usoni. Kutoka nyuma ya taulo neno likatoka.

"Samahani."

Akalisikia. Lilikuwa na sauti ileile ya chumba cha nyuma.

Bi Uehara alikuwa anapambana na lastiki. "Hii inanibishia," akasema, kisha akasoma. "Tsuruyo ni nani, bibi?"

Kikue akashusha taulo. "Jirani yangu. Yeye alivaa yangu."

"Chupi?"

"Chupi."

Bi Uehara alimtazama, akaona mhuri mwekundu, na kwa kuwa naye ni mtu wa mkoa ule, na mama yake mwenyewe pengine anazo kadhaa, akaelewa sehemu na nyingine akaicheka. Alicheka kwa tumbo lote, akajifuta macho kwa kiwiko chenye povu. Kikue alimwangalia anavyocheka. Tsuruyo angecheka hivyo. Angesema hata kifo nacho ni mzee, hakioni vizuri bila miwani. Lilikuwa jambo la kuchekesha kweli, na katika wiki zote hizo hakuwa na mtu wa kucheka naye.

Alisuguliwa mgongo, akamwagiwa maji, akasaidiwa kuingia hodhini. Maji yakampanda hadi mabegani. Bi Uehara akavuta ndoo akataka kuketi hapohapo, lakini Kikue akamwomba atoke nje, arudishie mlango, akae kwenye kile kiti kidogo.

"Siruhusiwi kukuacha, bibi."

"Hujaniacha. Upo mlangoni. Utakuwa unaniuliza kama nimekufa."

Bi Uehara akashtuka. Alisema mambo hayo hayasemwi, tena kazini kwao wamefundishwa kwamba hayasemwi kabisa, labda aulize kama maji yako sawa, au kama bibi anajisikia vizuri. Kikue akasema hapana. Akieleza kwa utulivu, kama mtu anayeelekeza njia, alimwambia wao walikuwa wanaulizana hivyo, yeye na mwenye chupi, na kwamba asipoulizwa hatatoka majini, na barabara ya mlimani itaingia giza.

Mlango ukafungwa. Kiti kikalia mtu alipokikalia. Kikue alisikia maji yakigusa ukingo, na nje upepo ukizichezea kaki zilizopona, maana Nagase alikuwa ameziingiza ndani baada ya yote na kuzitundika tena mvua ilipokatika, zimelowa lakini nyingi zikapona, na ile ya visu viwili ikiwemo. Huyu hatauliza, aliwaza.

"Bibi," sauti ikasema nyuma ya mlango, ndogo, yenye haya. "Umekufa?"

"Bado."

Akangoja. Alikuwa amegeuza uso mlangoni kabisa, mdomo wazi kidogo, akingoja yale yanayofuata, kwamba basi afanye haraka, maji yanapoa. Miaka yote ile yalikuwa yanafuata. Lakini Bi Uehara hakuyajua, angeyajulia wapi?

"Nikuongezee maji ya moto?" akauliza.

Hapo ndipo Kikue alipolia. Alilia kwa sauti, kinywa wazi, mikono ikipiga maji, akimlilia Tsuruyo kwa jina mpaka Bi Uehara akasukuma mlango na kupiga magoti kando ya hodhi, akamshika bega lililolowa. Kilio kilichukua muda wake. Kilipopungua, Kikue hakutafuta taulo la kujifunikia uso.

"Niongezee," akasema.